Hita ya chumba na somo la waridi wa Naivasha

Leo tuweke programu kando kidogo. Juzi nimesogeza kabati hapa Nakuru nikakuta ukuta umeota kuvu. Dukani nikaambiwa nipime sakafu tu, ndipo nichague hita. Sikuridhika, maana Bonde la Ufa limepambana na unyevu tangu zamani.

Kule Eburru, juu ya Naivasha, mvuke wa ardhini umetumika kukausha pareto tangu enzi za walowezi. Ua likichelewa kukauka linaoza. Likipata moto mkali mno, dawa iliyomo inaharibika. Kwa hiyo haitoshi kuuliza moto uwe kiasi gani. Uliza pia maji yatatokea wapi.

Mwaka 2003 shamba la maua la Oserian lilianza kutumia joto la kisima OW-101, lililokikodisha kutoka KenGen. Adui yao alikuwa alfajiri: baridi ikishuka, unyevu ndani ya vivungulio ulikaribia asilimia 100, na kuvu ikavamia waridi. Joto la kisima likapasha maji safi, yakazungushwa kwa mabomba usiku. Unyevu ukashuka, dawa za kuvu zikapungua. Baadaye mfumo huo ulifikia hekta 50.

Sasa hesabu. Hewa ya nyuzi 10 hubeba hadi gramu 9.4 za maji kwa mita ya ujazo. Ya nyuzi 18 hubeba 15.4. Ukipasha ile ya kwanza hadi nyuzi 18, unyevu wake unashuka kutoka asilimia 100 hadi karibu 60. Lakini maji bado yamo chumbani! Usipofungua dirisha, yatarudi ukutani hita ikizimwa.

Chumba changu kina mita za ujazo 30. Kupasha hewa yake peke yake nyuzi 8, hita ya kilowati 1 inahitaji dakika kama 4. Kinachokula stima usiku kucha ni bati lisilo na dari na nyufa za mlango. Ni kama seva: huipimi kwa wastani wa siku, unaipima kwa saa iliyo ngumu zaidi.

Basi nimeamua: dari kwanza, kabati mbali na ukuta, halafu hita ndogo. Na tafadhali, usilale na jiko la makaa ndani. Hewa yake inaua.

Nyinyi wa Molo na Njoro, alfajiri kwenu ni nyuzi ngapi?