Kimya cha Marehemu

Mtu wa Buzuruga, mjini Mwanza, afapo pasina wasia, swali la kwanza si nani arithi, bali ni sheria ipi itumike. Akiwa aliishi Kiislamu, mjane wa mume mwenye watoto hupata thumni. Msomaji wa visiwani aijua hesabu hiyo. Ikiamuliwa kuwa aliishi kimila, hufunguliwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963: mwana mkubwa wa kiume hutangulia, mabinti huja daraja la tatu, na mjane, wakiwapo ndugu wa mume, hana fungu ila kutunzwa na wanawe kama alivyowatunza yeye.

Mila ilikuwa kauli ya wazee, ikilegea kwa hali ya nyumba. Mwaka 1963 ikagandishwa kwa wino. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliofukuzwa majumbani mwao na wakwe, waliipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa inabagua, wala haikuifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iliwapa haki. Nyumba walikwisha kuzikosa.

Basi afaye bila wasia hakunyamaza: kaiachia karatasi imsemee.