Njia Moja, Vichwa Viwili

Ukipanda treni ya Reli ya Kati kwenda Tabora, ukishaiacha Itigi na kabla hujafika Goweko utapita kituo kiitwacho Tura. Abiria wengi hapo huwa wanakoroma. Lakini zama za misafara, Tura ilikuwa mlango wa mashariki wa Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kuwa maana ya jina hilo ni kutua mzigo. Na kweli, mpagazi aliyetoka pwani alikuwa ameshaivuka nyika ya Mgunda Mkali. Mabega yalikuwa yanawaka moto!

Sasa tuitazame njia yenyewe. Ilikuwa ya mguu, nyembamba, ya kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Pembe za ndovu zilishuka pwani kwa njia hiyohiyo iliyopandisha shanga na nguo kwenda Unyanyembe. Je, misafara miwili ikikutana, nani ampishe mwenzake?

Burton anaeleza. Msafara ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia ni yake. Wakikutana Wanyamwezi kwa Wanyamwezi, mara nyingine palizuka ugomvi wa kweli. Lakini wakiwa marafiki, makirangozi wao walisogeleana kwa maringo, manyoya yakichezacheza kichwani, kisha wakagongana vichwa kama kondoo dume. Wapagazi nao wakafuata. Aliyezidiwa alipisha, na kasheshe likaishia kwenye kicheko.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Nayo ilikuwa njia moja, kwenda na kurudi. Hapo mambo ya kugongana vichwa si mchezo tena. Kule Uingereza, mahali paitwapo Thorpe, usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, ujumbe wa telegrafu ulikorogeka, treni mbili zikaruhusiwa kuingia kwenye njia moja zikitazamana. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mwaka 1878 Edward Tyer akabuni dawa: mashine mbili, moja kila kituo, zilizounganishwa kwa umeme. Kisahani kimoja kikishatolewa, vingine vyote vinafungwa, huku na kule. Dereva asiye na kisahani haondoki, hata awe amembeba mfalme.

Utaniuliza, haya yote na kompyuta wapi na wapi? Subiri bwana, ndiko tunakokwenda.

Katika miaka ya 1970 Mike Lesk wa maabara za Bell, Marekani, aliandika programu ya UUCP, iliyowezesha kompyuta za Unix kupigiana simu na kupelekeana barua na mafaili. Ilisambazwa na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Tatizo likawa lilelile la Tura. Ofisi ina modemu moja na laini moja ya simu, kazi ni mbili: wageni wapige na kuingia, na kompyuta yenyewe ipige kwenda nje. Mlangoni amekaa mlinzi, programu iitwayo getty, anayemngoja mgeni amuulize jina. Programu nyingine ikianza kupiga simu kwenda nje, mlinzi anaweza kuyanyakua majibu ya modemu akidhani ni jina la mgeni! Kila mmoja anapata nusu ya maneno, na simu haiendi.

Dawa ikawa kisahani cha Tyer kwa sura nyingine: faili la kufuli. Anayetaka laini analitafuta kwanza. Likiwepo, anasubiri au anaondoka. Lisipokuwepo, analiweka na kuandika ndani namba ya programu yake, na akimaliza analifuta. Je, aliyefunga akifa ghafla, kufuli likabaki? Ndiyo kazi ya ile namba: anayefuata anaangalia kama mwenyewe yu hai. Kama hayupo, anaondoa kufuli la marehemu na kuendelea.

Usidhani hayo ni mambo ya Ulaya tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla Tanzania haijapata jina lake la .tz kwenye intaneti mwaka 1995, mtandao wa HealthNet uliwapelekea waganga wa Afrika Mashariki barua na habari za tiba kwa mfumo wa FidoNet, ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984. Barua zilikusanywa, kisha zikapelekwa kwa mkupuo simu ikipatikana. Laini zilikuwa adimu. Kumwambia mtu aongeze laini ya pili ilikuwa sawa na kumwambia mpagazi ajenge barabara.

Kwa hiyo tunaoota kuandika riwaya tusikubali kwamba historia ya mashine hizi inaanzia Marekani. Swali lilishaulizwa kwenye njia ya Tura, na watu waliokuwa na mizigo kichwani. Kilichobadilika ni jibu. Kule njiani mwenye cheo alipita kwanza na mnyonge akasogea majanini. Kufuli halijui Mwarabu wala mpagazi. Linauliza jambo moja tu, nani amewahi. Na likishapata jibu, linataka huyo aliyewahi, akimaliza, awafungulie wenzake.