Samaki Chini ya Magugu

Mto Ngong, unaopita kusini mwa mtaa wa Donholm jijini Nairobi kabla ya kushika njia ya Njiru, hutoka kwenye Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, na kwa miaka mingi watu walikwenda huko kuendesha mashua za tanga. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 gugu maji lilikuwa limelifunika kiasi kwamba mgeni angedhani ni shamba la sukuma wiki. Kinachopita karibu na nyumba za Donholm ni maji yaliyochujwa kwenye gugu hilo, kisha yakapokea uchafu wa vijiji vya Mukuru na viwanda vya Industrial Area.

Watu wa mitaa hii ya Eastlands, hasa wale wenye kwao Nyanza, wakiona maji yaliyofunikwa hivyo huuliza kama chini yake kuna samaki. Ni swali la haki, na mila mbalimbali za uvuvi zimelijibu kwa namna zinazopingana. Kuna wavuvi wanaoyakimbia magugu na kuna wanaoyatafuta kwa makusudi. Nikizilinganisha mila hizo naona jambo moja: kinachoamua kama gugu ni adui au rafiki ni zana iliyo mkononi mwa mvuvi. Kuhusu maji yenyewe, gugu hutuambia jambo lingine, nalo nitalifikia.

Walowezi wa Kiingereza na Kiskoti walikuja na mila ya maji maangavu. Jina la Donholm lenyewe lina asili ya Uskoti. Ni jina la shamba la mlowezi James Kerr Watson lililokuwa hapa kabla ya nyumba. Kwa watu wa mila hiyo, uvuvi wa heshima ulikuwa wa trauti, samaki wa mto baridi wenye changarawe, anayevuliwa kwa nzi wa manyoya. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza trauti katika Mto Gura, kwenye safu za Aberdare. Katika mila hiyo gugu halina nafasi kabisa. Maji yakiota majani mvuvi hufunga vifaa vyake akaenda juu zaidi mlimani.

Mmarekani wa majimbo ya kusini hakuwa na mlima wa kukimbilia. Alikuwa na vidimbwi vya mashambani, mabwawa ya joto na mito ya polepole iliyojaa yungiyungi, na ndani yake aliishi besi mwenye mdomo mpana. Samaki huyu ni mviziaji. Hafukuzi windo masafa marefu. Hukaa kivulini chini ya majani, akitazama upenyo wenye mwanga, na chochote kikipita hukimeza kwa pigo moja. Kwa hiyo mvuvi wa besi hujifunza kuyasoma magugu: wapi zulia la majani limeachia tundu, wapi aina moja ya mmea inakutana na nyingine, wapi ukingo umejipinda. Hutupa chura wa mpira mwenye tumbo tupu, ambaye ndoana zake mbili zimelala mgongoni na ncha zikitazama juu, ili apite juu ya majani bila kunasa. Samaki akibana, mpira hubonyea na ncha hujitokeza. Hapo mvuvi lazima ajizuie kidogo, kwa sababu akivuta mara tu anapoona maji yakipasuka humnyang'anya samaki chambo kabla hajakifumba mdomoni. Akishamnasa, subira imekwisha: huvuta kwa nguvu zote, kwa uzi mzito uliosukwa, ili kichwa cha samaki kipande juu kabla hajazama na kujifunga kwenye mashina. Naiheshimu sana elimu hii. Imezaliwa na watu waliokubali kuvua katika maji waliyopewa.

Mwanzoni ilikuwa elimu ya chakula. Tarehe 2 Juni 1932, George Perry, kijana mkulima wa jimbo la Georgia, alivua besi wa ratili 22 na aunsi 4 katika Ziwa Montgomery, yapata kilo 10. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na familia ilimla samaki yule. Rekodi ilisimama peke yake hadi tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alipovua besi wa uzito unaokaribia sana huo katika Ziwa Biwa, Japani. Kati ya samaki hao wawili desturi ilikuwa imegeuka. Mwaka 1972 mashindano ya besi Marekani yalianza kuhimiza samaki arudishwe majini akiwa hai. Japani, ambako besi ni mgeni aliyeletwa mwaka 1925, sheria inamhesabu kuwa mvamizi, na mkoa wa Shiga umekataza kumrudisha Ziwa Biwa anayevuliwa humo. Kwa hiyo tendo lile lile la kumwachia samaki ni uungwana upande mmoja wa bahari na kosa upande wa pili.

Besi huyo huyo aliletwa Naivasha na walowezi mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa mchezo wa ndoana. Alikuta ziwa lenye mafunjo, yungiyungi na mimea ya chini ya maji, akastawi. Lakini uvuvi wa nyavu za biashara ulipofunguliwa mwaka 1959, mambo yalibadilika. Mnamo miaka ya 1960 salvinia, jani dogo la kuelea kutoka Amerika Kusini, ilianza kutapakaa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likafuata gugu maji. Wavu unaotegwa kwenye mwanya asubuhi unaweza kuwa umefunikwa jioni, upepo ukiwa umesukuma kisiwa chote cha majani juu yake. Mwenye ndoana angekisogelea kisiwa hicho kwa furaha. Mwenye wavu anapiga makasia kukikwepa, na akichelewa hukata kamba na kupoteza mali. Katikati ya hayo, mwaka 1970, waliletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana. Waliitafuna mimea ya asili hadi yungiyungi likatoweka sehemu kubwa, na besi naye akawatafuna kamba. Samaki alipata chakula lakini alipoteza pazia lake. Naivasha inatufundisha kwamba majani si kitu kimoja. Yungiyungi lenye mizizi matopeni lilikuwa nyumba. Gugu la kuelea ni paa lisilo na kuta, linalohamahama na kuzuia mwanga.

Ziwa Victoria lina jibu la zamani zaidi, na kwangu ndilo lenye kina. Kabla ya nyavu za kunasia kufika Ghuba ya Winam mwaka 1905, ule ule ambao trauti aliingia Gura, Wajaluo walivua kwa kuitumia mimea yenyewe. Walifunga mafunjo yakawa kokoro la kukokotwa na watu wengi, wakasuka migono, wakajenga nyua za matete penye midomo ya mito. Kwao mmea wa ukingoni ulikuwa maficho ya samaki na pia malighafi ya kumnasia.

Na samaki wa maficho hayo ni kamongo. Besi hujificha kwenye magugu kwa ajili ya kuvizia. Kamongo huishi humo kwa sababu wengine hawawezi. Zulia zito la majani hunyima maji hewa, ngege hukimbia au hufa, lakini kamongo ana mapafu. Akiwa mkubwa ni lazima apande juu kuvuta pumzi, la sivyo huzama kama mtu. Kwa hiyo mvuvi mwenye jicho hutega mshipi wa ndoana nyingi kando ya mafunjo, pale anapoona maji yakitikisika bila upepo. Akimtoa hujihadhari, maana meno yanayovunja makombe ya konokono hayashindwi na kidole. Wanasayansi nao walimfuata: Homer Smith, mtaalamu wa figo kutoka Marekani, alifika Kisumu kuchukua kamongo, kisha mwaka 1932 akatoa kitabu alichokiita kwa jina hilo la Kijaluo. Uganda, kwa Wabaganda wa ukoo wa Mmamba, samaki huyu ni mwiko wa ukoo na hawamli.

Jambo moja linawaunganisha kamongo na besi licha ya bahari iliyo kati yao. Katika jamii zote mbili dume ndiye anayelinda mayai na watoto, akikabili kila kinachosogea. Anayevua msimu wa kuzaa huvua baba, na kiota kizima hubaki bila mlinzi. Mila yoyote inayojiita ya busara ingeanza na katazo hilo kabla ya kubishana kuhusu kumrudisha samaki mmoja majini.

Gugu maji lilipoijaza Ghuba ya Winam, likafikia takriban hekta 17,000 mwaka 1998, magazeti yaliandika juu ya mashua zilizofungiwa Kisumu na Homa Bay, na hasara ilikuwa ya kweli. Lakini wakati huo huo kamongo na mumi waliongezeka, kwa sababu nyavu na makokoro havikuweza kuwafikia. Wadudu wa jamii ya fukusi walioachiliwa mwaka 1997 walisaidia kulipunguza gugu, mashua zikatoka, na shinikizo la uvuvi likarudi. Gugu lilikuwa limeweka marufuku ya uvuvi ambayo serikali isingethubutu kuiweka. Halikuchagua kwa haki, maana lilimwadhibu kwanza mvuvi maskini wa ufuo wa Dunga, Kisumu, lakini samaki walipumua.

Pwani wamekwenda mbali kuliko wote. Mvuvi wa dema hutega kwenye nyasi za bahari anakolisha tafi, na chambo anachotia ndani ni mwani wenyewe. Dema lililosukwa kwa fito na mianzi hukaa kati ya majani usiku kucha bila kuyang'oa, ilhali juya likipita mahali hapo hung'oa malisho ya mwaka mzima. Siku hizi yako madema yenye upenyo mwembamba pembeni, ambao tafi mchanga hutokea mwenyewe bila kuguswa na mkono. Huo ndio uachiaji wa samaki ninaoupenda kuliko ule wa mashindano: hakuna ndoana shavuni, hakuna picha, na mtoto wa mvuvi halali na njaa, kwa sababu samaki wakubwa wamebaki ndani.

Sasa turudi Mto Ngong. Mara kwa mara hutolewa wito wa kung'oa gugu la Bwawa la Nairobi, kana kwamba likiondoka samaki watajaa. Lakini gugu maji halikulichafua bwawa. Linakula naitrojeni na fosforasi ya vyoo na maji taka, na hukua kadiri linavyolishwa. Ukiling'oa huku mabomba yakiendelea kumwaga, umelipalilia tu. Tena mizizi yake hufyonza madini mazito. Kulitupa ukingoni lioze ni kuyarudisha madini hayo mtoni, yashuke hadi Donholm. Kwa hiyo mpango wowote uanze na mabomba ya maji taka ya Kibera na Mukuru, ndipo zije mashine za kuvuna gugu, na linalovunwa lipelekwe mbali na maji.

Samaki wa kwanza kurudi hatakuwa besi wala ngege. Atakuwa mumi, anayeweza kuvuta hewa ya juu na kuvumilia matope. Vijana wa mtaa watamvua siku hiyo hiyo, kwa ndoana na minyoo, na watamleta jikoni. Kabla ya hapo ni wajibu wa serikali ya kaunti kumpima samaki huyo risasi na zebaki, na kubandika matokeo kwenye vituo vya matatu na sokoni, kwa Kiswahili, mahali ambapo mama anayenunua mgongo wazi wa mbuta jioni ataweza kuyasoma.