Majina ya Maradhi na Maji ya Ruvuma

Mto Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, jirani na mji wa Songea. Huteremka kusini, kisha hugeuka mashariki na kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hadi kuingia Bahari ya Hindi baada ya mwendo wa kilomita 800 hivi. Kabla ya kufika baharini hupita chini ya uwanda wa Wamakonde, na huko ndiko lilikotoka jina la maradhi ambalo madaktari wa dunia nzima hulitamka leo, wengi wao bila kujua ni lugha gani wanayosema.

Mwaka 1952 homa ngeni iliwashukia watu wa uwanda huo, pande za Newala. Viungo viliuma hata mgonjwa akashindwa kunyooka. Wamakonde wakaiita chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, walipochapisha habari zake mwaka 1955, hawakuhangaika na Kilatini. Walishika jina la wagonjwa wenyewe. Homa hiyo ilipozuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, kisha Komoro na Réunion, baadhi ya waandishi wa ng'ambo walidai kuwa neno hilo ni la Kiswahili. Silo. Ni la Wamakonde, na sisi wa pwani tusijivike joho la jirani.

Kiswahili kina dai lake chenyewe, la kale zaidi. James Christie, tabibu aliyekaa Unguja na kuandika kitabu juu ya kipindupindu mwaka 1876, alieleza homa ya kuvunja mifupa iliyopita kisiwani mwaka 1823 na tena mwaka 1870. Wenyeji, kwa masikio yake, waliiita kidinga pepo. Kamusi zetu za leo zina kidingapopo. Kati ya pepo na popo pana safari ndefu, na mshairi angependa kujua nani alikosea, mgeni aliyesikia au mwenyeji aliyesahau. Christie alihisi kuwa jina hilo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likageuka kuwa dengue. Wapo wanaolikubali dai hilo na wapo wanaolitilia shaka. La ajabu ni kwamba mwaka 1971 mtaalamu aitwaye Carey alihoji kuwa homa za Unguja, kwa dalili zake, zilielekea kuwa chikungunya. Basi huenda Unguja na Newala zilitaja adui mmoja kwa majina mawili, zaidi ya miaka mia moja kati yao.

Asidhani msomaji kwamba majina ya namna hii ni ya watu wasiosoma. Waingereza wa zamani waliita kifua kikuu ulaji, kwa kuwa kilimla mtu akabaki mifupa. Uvimbe wa tezi za shingo waliuita uovu wa mfalme, wakaamini kuwa mguso wa mwenye taji huuponya. Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi mashuhuri ya mwaka 1755, alipelekwa London akiwa mtoto, mwaka 1712, akaguswa na Malkia Anne. Hakupona. Hata malaria ni Kiitaliano cha hewa mbaya. Ronald Ross alimkuta mdudu wake ndani ya mbu mwaka 1897, na jina halikubadilika.

Lakini jina huweza pia kupoteza njia. Degedege ni neno lililosafiri na Kiswahili, likaeleweka Songea kama linavyoeleweka Bagamoyo. Ndani yake yumo dege, ndege mkubwa wa kutisha, aliyedhaniwa kumpitia mtoto usiku na kumtia mtukutiko. Kwa kuwa homa ilikuwa na jina lake na degedege lake, wazazi wengi waliyaona kuwa maradhi mawili: homa ya hospitali, degedege ya mganga. Wengine waliamini kuwa sindano ingemuua mtoto wa degedege. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 uliyaeleza hayo wazi: mtoto mwenye malaria kali alifukizwa kwanza nyumbani, na saa zikapita.

Wahudumu wa afya wangeweza kulipiga marufuku neno hilo. Wenye busara miongoni mwao walilibakiza, wakawaambia akina mama kwa neno lao wenyewe: degedege inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, mlete mtoto upesi.