Chura wa mtini akiingia nyumbani: namna ya kumtunza

Huenda umeshamwona. Ni chura wa kijivu aliyejikunja ukutani juu ya dirisha au kwenye boriti ya paa, na mchana kutwa hatikisiki. Watoto hutaka kumweka kwenye chupa wamfuge. Wakubwa wengine humfukuza kwa fagio. Makala haya yanaeleza chura huyu ni nani, anahitaji nini, na ni mambo gani humuua upesi mikononi mwa watu.

Ni chura gani?

Wataalamu humwita Chiromantis xerampelina. Anapatikana kuanzia pwani ya Kenya, kupitia Tanzania na Msumbiji, hadi Afrika Kusini. Jike hufikia urefu wa sentimita 8 hivi, na dume ni mdogo zaidi. Vidole vyake vina ncha pana zinazonata, ndiyo maana hupanda ukuta bila shida.

Wakati wa mvua hutaga mayai ndani ya povu jeupe linaloning'inia kwenye tawi juu ya maji. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Ukiliona povu hilo juu ya kidimbwi, usilibomoe.

Kiangazi huwa ni mvumilivu kuliko vyura wengi. Jua likiwa kali, ngozi yake hugeuka karibu nyeupe ili isipate joto sana. Mkojo wake ni mzito kama wa ndege, hivyo hapotezi maji mengi. Nyumba humpa kivuli, na taa humletea wadudu.

Ngozi yake ndiyo mdomo wake

Chura hanywi maji kwa mdomo kama kuku au mbuzi. Huyafyonza kwa ngozi, hasa ya tumbo, na sehemu ya hewa anayovuta hupitia humo humo. Kwa hiyo chochote kinachogusa ngozi yake kinaweza kuingia mwilini: sabuni, chumvi, mafuta ya kujipaka, dawa ya kupulizia wadudu. Ukiilinda ngozi yake, umefanya sehemu kubwa ya kazi ya kumtunza.

Kabla ya kumfuga

Sheria za wanyamapori zinaweza kukutaka uwe na kibali hata kwa mnyama mdogo. Muulize kwanza afisa wanyamapori wa wilaya yako. Kama yuko ukutani tu, mwache hapo. Atakula wadudu usiku na kuondoka mwenyewe mvua zikianza.

Mahitaji yake

Makazi: Tumia sanduku au tenga refu kwenda juu, lenye matawi ya kupanda na hewa ya kutosha. Funika kwa wavu wa dirishani usio na dawa. Usitumie chandarua cha kitandani chenye dawa, kwani dawa hiyo inaweza kumdhuru. Sanduku likae kivulini, mbali na moshi wa jiko.

Maji: Weka maji kidogo kwenye sahani pana na uyabadilishe kila siku. Maji safi ya mvua yanafaa. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwa saa 24 kwanza. Usiyatie chumvi wala dawa ya kusafishia maji.

Chakula: Hula wadudu walio hai, kama panzi wadogo, nyenje, nzi na kumbikumbi. Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya chura. Chura mkubwa hutosheka akilishwa mara 2 au 3 kwa wiki. Mpe jioni, kwa kuwa yeye huwinda usiku. Usichukue wadudu kutoka shamba lililopigwa dawa, wala mende wa nyumba iliyopulizwa.

Kumshika: Usimshike bila sababu. Ikibidi, suuza mikono kwa maji matupu na umshike ikiwa bado imelowa. Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au macho, kwa sababu vyura wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Watoto wasimamiwe.

Dalili za ugonjwa

Angalia kama amekataa kula kwa muda mrefu, ngozi inabanduka vipandevipande, miguu ina wekundu, au anashindwa kujigeuza akilala chali.

Kuna ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura na umeua vyura wengi duniani. Hauwapati watu, lakini huenea kwa maji na kwa vyura wanaohamishwa. Ndiyo sababu chura arudishwe palepale alipotoka, na maji ya sanduku lake yasimwagwe mtoni wala bwawani.

Funzo kutoka Kihansi

Tanzania inalijua jambo hili vizuri. Chura mdogo wa Kihansi, ambaye si wa mtini, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko katika milima ya Udzungwa tu. Maji yalipopungua baada ya bwawa la umeme kujengwa, vyura karibu 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Baadaye kuvu iligunduliwa kwa waliobaki, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wamekwisha porini. Waliookolewa walizaliana kwenye masanduku yenye manyunyu na wadudu wadogo, na kuanzia 2012 wengine wakarudishwa Kihansi.

Kazi hiyo ilihitaji wataalamu na miaka mingi. Wa ukutani kwako hahitaji hayo yote. Ukipuliza dawa ya mbu, mtoe kwanza na umweke mtini karibu na nyumba.