Makaburi ya Wamazrui, Mombasa

Lisome jina lote la Profesa Ali Mazrui: Ali bin Al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi. Kila "bin" ni kizazi, na mjukuu kabeba jina la babu yake. Wazee wa Wamazrui walitoka Omani, wakaitawala Mombasa hadi 1837, Sayyid Said, mtawala wa Omani, alipowang'oa. Waliosalimika wakahamia Gazi na Takaungu. Utawala ulikwenda, elimu ikabaki. Sheikh Al-Amin, wa pili katika jina hilo, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alizaliwa mjini humu 1933, akafundisha Makerere, kisha Marekani, alikofariki 2014. Alirudishwa kuzikwa hapa, jirani na Ngomeni (Fort Jesus), walimoishi wazee wake walipotawala.