Sola juu ya paa la gari: utepe wa gundi unashika nini hasa?

Jirani yangu ana gari la kubebea watalii, na mwaka jana alitaka friji yake ndogo ya vinywaji ifanye kazi hata injini ikiwa imezimwa. Akanunua sola ya wati 100, na kwa kuwa hakutaka kutoboa paa, akaibandika kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Ikakaa miezi minne. Siku moja akitoka Malindi, alipokaribia Vipingo akasikia mlio juu ya kichwa chake, na alipotazama kioo akaiona sola ikizunguka hewani kuelekea mashamba ya mkonge. Bahati yake ni kwamba nyuma hakukuwa na bodaboda.

Tulipoiokota, utepe ulikuwa ungali umeng'ang'ania fremu barabara. Juu ya utepe ule kulikuwa na rangi nyeupe ya paa, imebanduka vipande vizima kama maganda ya muhogo wa kuchemsha. Gundi ilifanya kazi yake. Kilichoachia ni rangi, na chini ya rangi kulikuwa na kutu.

Nalieleza hili kwa sababu watu wengi wanaona video za Wamarekani wakibandika sola juu ya magari yao bila skrubu hata moja, nao wanataka kufanya hivyo hivyo hapa. Inawezekana, lakini kwanza ni vizuri kujua ufundi huo umezaliwa wapi na kwa nini.

Marekani kuna magari ambayo ndani yake ni nyumba kamili: kitanda, jiko, choo, meza ya kulia. Wako waliostaafu wanaoishi humo miezi na miezi. Likiegeshwa kwenye kambi ya kulipia, gari huchomekwa umeme. Wengi lakini hupenda kukaa jangwani, Arizona au Nevada, kwenye ardhi ya serikali kuu ambako kwa kawaida mtu huruhusiwa kupiga kambi mahali pamoja hadi siku 14 bila malipo. Huko hakuna pa kuchomeka, kwa hivyo sola ndiyo umeme wao. Tatizo ni paa. Mara nyingi si bati la chuma, ni plaiwudi nyembamba iliyofunikwa kwa ngozi ya mpira au ya plastiki. Ukitoboa tundu la skrubu na lisizibwe vyema, maji hupenya na plaiwudi huoza kimya kimya mpaka siku unapokanyaga na mguu ukazama. Hofu ya matundu ndiyo iliyowapeleka kwenye utepe.

Utepe wenyewe haufanani na ule wa kufungia kartoni. Ni povu zito la akriliki ambalo ni gundi tupu, nje na ndani. Kampuni ya 3M ya Minnesota iliutoa mwaka 1980 kwa jina la VHB, na sasa kuna kampuni nyingine zinazotengeneza wa aina hiyo. Mafundi wetu wa gereji wanaujua kwa sura: ndio unaoshika nembo za magari na vile vizuia mvua vya juu ya madirisha. Tabia yake iko kati ya mpira na asali nzito. Ukiuvuta ghafla hukaza, ukiuvuta polepole hunyooka. Hilo ni jambo kubwa juani, kwani mita moja ya alumini ikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita moja, na paa lililo chini yake halirefuki kwa kiasi hicho hicho. Skrubu hubisha, na tundu lake hupanuka mwaka hadi mwaka. Utepe hufuata. Wazee wa Lamu waliielewa hekima hii, maana mtepe ulishonwa kwa kamba za usumba bila misumari, ukapinda na wimbi bila kupasuka. Kufanana kwa majina, utepe na mtepe, nawaachia wataalamu wa lugha.

Sasa tuje kwenye upepo. Sola ngumu ya wati 100, yenye kioo na fremu, ina uzito wa kilo 6 au 7 hivi. Uzito huo haukusumbui, unalalia paa. Kinachosumbua ni upepo unaoingia chini yake. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, msukumo wa hewa unakaribia uzito wa kilo 47 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa mwendo wa 80 ni kilo 30. Sola ya ukubwa huo ina kama nusu mita ya mraba au zaidi kidogo, kwa hivyo kwenye barabara kuu inaweza kuvutwa kwenda juu kwa nguvu ya kilo 25 hadi 30, saa baada ya saa, tena paa likiwa limechemka. Na ukikutana na kusi la mwezi wa saba linalokuja mbele yako, jumlisha mwendo wake na wako.

Watengenezaji wa utepe hutoa kipimo cha tahadhari: kila kilo moja ya mzigo unaoning'inia usiku na mchana itafutiwe sentimita 55 za mraba za utepe. Tazama basi vile vyuma vidogo vinne vinavyouzwa pamoja na sola, kila kimoja kikiwa na unyayo wa ukubwa wa kiberiti. Vyote vinne pamoja vina kama sentimita 70 za mraba. Kwa kipimo hicho vinabeba kilo moja na kitu! Ni kweli mvuto wa ghafla utepe huustahimili zaidi kuliko mzigo wa kudumu, lakini safari ya Mombasa hadi Nairobi si jambo la ghafla. Ndiyo maana Wamarekani waangalifu huacha vile vyuma na kuweka pembe za alumini zenye urefu wa sola nzima pande zote mbili. Pembe mbili za mita moja, zenye unyayo wa sentimita 5, zinakupa sentimita 1,000 za mraba. Hapo mtu unaweza kulala usingizi.

Lakini hesabu hiyo yote ni ya utepe peke yake, na nimeshasema rangi ya jirani yangu ndiyo iliyomwangusha. Utepe haujui sola wala gari. Unashika tabaka la juu kabisa la kitu ulichobandikwa, liwe rangi, vumbi, chumvi au nta ya kung'arishia. Paa la faiba lenye ngozi yake ngumu ni zuri. Alumini safi ni nzuri. Rangi ya kiwandani ambayo haijaguswa ni nzuri pia. Rangi iliyopulizwa upya kwenye gereji ya mtaani juu ya kutu iliyopigwa msasa nusu nusu, sikushauri kabisa. Paa la mpira ni gumu zaidi: mpira huo ukizeeka hutoa unga mweupe, na hata ukiusafisha, wenyewe umegandishwa tu kwenye plaiwudi, kwa hivyo upepo unaweza kuinua sola, utepe na mpira vyote kwa pamoja. Plastiki zenye utelezi wa mafuta, kama ile ya matangi ya maji, utepe huu hauzishiki bila kupakwa dawa maalumu kwanza.

Kwetu Pwani adui ni chumvi. Huioni, lakini paa lililolala usiku mmoja karibu na bahari lina chumvi juu yake. Osha kwanza kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, na sabuni, suuza, kausha, halafu pangusa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usitumie spiriti ya vidonda, kwani nyingine zina mafuta ndani. Pangusa na chini ya fremu vile vile. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 21 na 38, yaani kwetu ni asubuhi baada ya umande kukauka, kabla bati halijawa kikaango. Ukiubandika, bonyeza kwa nguvu, inchi kwa inchi, kwa rola ndogo au kwa uzito wa mwili wako. Gundi hii huamshwa na kubonyezwa. Baada ya dakika 20 imefika kama nusu ya nguvu yake, baada ya siku moja asilimia 90, na siku ya tatu imekamilika. Jirani yangu aliondoka jioni ile ile.

Utepe huu una nguvu ukivutwa kwa usawa, na dhaifu ukibanduliwa kuanzia pembeni. Kwa hivyo ukingo wa mbele ndio wa kulindwa: weka kipande cha alumini kilichoinama kuuzuia upepo usiingie chini, na funga pembe mbili za sola kwa waya wa chuma kisichoshika kutu hadi mahali imara pa gari. Waya huo hauzuii sola kung'oka, unaizuia isimfikie mtu wa nyuma. Acha pia nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya sola na paa ili hewa ipite. Sola hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na zile nyembamba zinazopindika, zikibandikwa zikagusa bati, huchemka na kuchakaa mapema. Faraja yetu ni kwamba Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo sola iliyolala bapa hapa hupata jua karibu lote mwaka mzima. Wenzetu wa kaskazini ya mbali hulazimika kuziinua wakati wa baridi.

Na kama gari lako lina keria? Achana na utepe. Funga sola kwenye keria kwa bolti na nati za kujikaza, matundu hayaingii kwenye paa, na siku ya kuuza gari unafungua unaondoka nayo.

Aliyekwisha kubandika apande juu kila mwezi, aingize ukucha chini ya kila pembe. Pembe ikianza kuachia, usiongeze gundi juu yake, toa yote. Usitumie bisibisi, utakwangua rangi. Pasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha chukua mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene, uupitishe nyuma ya utepe na kuuvuta huku na huku kama msumeno. Povu hukatika lenyewe, na mabaki huviringwa kwa kidole gumba. Kisha litazame vizuri lile paa lililokuwa chini yake, kabla hujaamua kubandika tena mahali pale pale.